Nani Ashikaye Ufunguo wa Gari Lako?

Asubuhi moja ya siku ya shule nilisimama katika kituo cha mafuta kando ya Barabara ya Naivasha, pale Kawangware, nikaongeza petroli ya shilingi elfu moja, nikalipa, nikarudi garini. Nilipozungusha ufunguo taa zote za dashibodi ziliwaka kama kawaida, redio ikaendelea na taarifa yake ya habari, lakini injini haikutoa hata kikohozi. Nikajaribu mara ya pili na ya tatu. Betri ilikuwa nzima, na mafuta ndiyo hayo niliyoyalipia dakika moja iliyopita. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakingoja abiria wakaja kunisaidia kulisukuma. Mmoja wao, baada ya kutega sikio nilipokuwa nikizungusha ufunguo kwa mara nyingine, akatikisa kichwa na kuniambia, "Mzee, usijisumbue. Wamekuzima."

"Nani wamenizima, kijana wangu?"

"Wenye mkopo. Hata mimi walinizima juzi, nikiwa Kangemi, na abiria yuko nyuma."

Naam, kijana yule alisema kweli. Gari hilo nililinunua kwa mkopo, na miongoni mwa masharti ya mkopo wenyewe palikuwa na kifaa kidogo ambacho kilifichwa mahali fulani ndani ya gari ili, nilivyoelezwa, kulilinda dhidi ya wezi. Malipo ya mwezi nilikuwa nimekwisha kuyatuma siku nne kabla ya tarehe, ila karani fulani alikuwa ameyaandika katika akaunti ya mtu mwingine. Ilichukua simu sita na muda wa saa tatu hivi kabla ya mtu nisiyemjua, aliyeketi katika ofisi fulani huko katikati ya jiji, kubonyeza kidude chake na kuirudishia injini uhai. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walikosa vipindi viwili siku hiyo. Sikuambiwa kwamba walihuzunika.

Mpenzi msomaji, siandiki haya kwa nia ya kulipiza kisasi, na ndiyo maana siitaji kampuni hiyo. Nayaandika kwa kuwa kifaa kilichonizima ndicho kinachosifiwa siku hizi kuwa dawa ya wizi wa magari katika jiji letu, na ni dawa ambayo kwa sehemu kubwa naiamini. Lakini kila dawa ina kipimo chake, na ina mtu anayeishika chupa.

Wale waliokuwa wakiendesha magari Nairobi katika miaka ya 1990 watakumbuka kinga zetu za wakati huo. Palikuwa na chuma kirefu cha rangi nyekundu au ya manjano kilichofungwa kwenye usukani, palikuwa na kufuli la giya, na palikuwa na ving'ora vilivyolia usiku kucha mtaani kila paka alipopita juu ya boneti, hata majirani wakazoea na kuacha kuchungulia. Mimi mwenyewe nilikuwa na Datsun kuukuu, na kinga yake ilikuwa swichi ya siri. Fundi wa nyaya wa Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan kwa jina la Mwingereza aliyetembea kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo mwishoni mwa karne ya 19, alikata waya unaopeleka umeme kwenye koili, akauunganisha na swichi ndogo chini ya kiti, akanionya nisimwonyeshe hata mke wangu. Ukiisahau swichi hiyo gari haliwaki. Mwizi asiyejua ilipo angehangaika dakika kumi halafu akimbilie gari la jirani.

Wazo la kifaa cha leo ni lile lile la fundi wangu. Hujaribu kumzuia mwizi asiingie garini, bali unainyima injini kitu kimoja ambacho haiwezi kuishi bila hicho. Kilichobadilika ni mkono unaoishika swichi.

Ilibidi mambo mawili yatukie kwanza, na yote mawili yalitukia mwaka wa 2000. Tarehe 2 Mei mwaka huo serikali ya Marekani iliacha kuziharibu kwa makusudi ishara za setilaiti zake kwa watumiaji wa kiraia. Kabla ya hapo kipokezi cha raia kingeweza kukosea kwa umbali wa mita mia moja hivi, tofauti ya kukutafutia gari katika barabara nzima ya nyuma. Tangu siku hiyo kosa lilipungua likawa la mita chache. Katika mwaka huo huo Kencell ilianza huduma hapa nchini na Safaricom ikaingia katika ushindani ikiwa na mbia wake Vodafone, na simu ya mkononi ikaanza kushuka kutoka mikononi mwa matajiri. Unganisha hayo mawili upate kifaa chenyewe, ambacho ni kisanduku kisichozidi kiberiti kwa mengi, ndani yake mna kipokezi cha setilaiti kinachojua gari liko wapi, laini ya simu kama hiyo iliyomo mfukoni mwako, na rilei, yaani swichi inayoamriwa kwa umeme. Rilei huungwa kwenye waya wa pampu ya mafuta au wa stata. Mwenye gari akituma ujumbe mfupi, rilei inaachana na waya, na gari linakuwa sanduku la chuma lenye viti.

Ukikitazama hivyo utaona uzuri wake na udhaifu wake kwa pamoja. Kifaa hutegemea mtandao wa simu, na mwizi mwenye kidude cha kuvuruga mawasiliano huweza kukifanya kiziwi. Kifaa hutegemea siri ya mahali kilipofichwa, na aliyekificha ni fundi, mtu mwenye njaa na marafiki kama sisi sote. Wafanyabiashara wanaokodisha magari bila dereva wanaijua vyema kadhia hii. Mteja huja na kitambulisho, hulipa, huondoka akitabasamu, na baada ya saa mbili ramani inaonyesha kwamba gari limetulia tuli mahali fulani. Wakienda huko wanakikuta kisanduku peke yake kwenye jalala, ilhali gari liko njiani kuelekea Namanga au Busia.

Hata hivyo si kila mara mwizi hushinda. Mwaka wa 2015 gari aina ya Lexus lililoibwa Uingereza lilikuwa na kifaa cha kulifuatilia ambacho wezi hawakukigundua. Kifaa hicho kiliwaongoza wapelelezi kupitia Ufaransa, Oman na bandari ya Mombasa hadi Kampala, na huko yakapatikana magari mengine ya kifahari yaliyoibwa Uingereza. Miaka minne baadaye, mwaka wa 2019, maofisa wetu wa forodha huko Mombasa walifungua makontena yaliyoandikishwa kuwa na vyombo vya nyumbani vilivyokwisha kutumika, wakakuta ndani yake magari ya thamani kubwa yaliyoibwa huko huko Uingereza. Natumaini wanafunzi wa jiografia wanaiona njia hiyo ya biashara. Sisi tulizoea kuhesabu magari yetu yanayovushwa mipaka kwenda kwa majirani, kumbe nasi ni kituo cha mizigo ya wengine.

Lakini magari mengi yanayopotea katikati ya jiji na katika mitaa ya magharibi, kuanzia Westlands, Kileleshwa na Lavington hadi Kangemi na Uthiru, hayaendi mbali hivyo, na mengine hayaibwi yote. Huibwa vipande. Dereva aliyekwama katika msongamano kwenye mzunguko wa Globe anajua jinsi kioo cha pembeni kinavyong'olewa na kijana anayetoweka upande wa mtoni kabla taa hazijabadilika. Taa za mbele, redio, hata kompyuta ya injini yenyewe hung'olewa usiku. Kwa wizi wa namna hii kifaa cha kuzima injini hakisaidii kitu, maana mwizi hana haja ya kuliwasha gari. Ndiyo maana wengi wetu tumechora nambari za usajili juu ya vioo vyote na taa zote, kama mwanafunzi wa bweni anavyoandika jina lake juu ya kikombe, sahani na kijiko.

Na hapa nina neno kwa sisi wenyewe tunaolalamika. Kioo kilichong'olewa Jumatatu huuzwa Jumanne, na anayekinunua si jambazi. Ni mwalimu, ni karani, ni mchungaji ambaye kioo chake kiling'olewa Jumapili na ambaye bei ya dukani ilimtisha. Nimewahi kukaribia kuuziwa kioo ambacho kilikwanguliwa pembeni mahali palipokuwa na nambari. Nilikirudisha. Sijisifu, maana sina hakika kwamba ningekirudisha kama mkwaruzo usingeonekana.

Tuje kwenye lile lililo zito zaidi, yaani uhai wa watu. Sheria yetu ya adhabu inatofautisha wezi wa aina mbili. Kifungu cha 278A kinampa aliyeiba gari kifungo cha hadi miaka saba. Aliyelichukua kwa nguvu akiwa na silaha, au akiwa na wenzake, huangukia kifungu cha 296, ambacho adhabu yake ya juu ni kifo, ijapokuwa hapa Kenya hakuna aliyenyongwa tangu mwaka wa 1987. Katika miaka ile ya 1990, wakati jiji letu lilipobandikwa lile jina la aibu la Nairobbery, wa aina ya pili ndio waliotutia hofu. Walingoja langoni mwako jioni, wakakusukuma kiti cha nyuma au ndani ya buti, wakazunguka nawe saa nyingi, na ukiwa na bahati wakakutupa kando ya msitu ukiwa hai. Januari 2007 wanawake wawili Wamarekani, mama na binti yake, walipigwa risasi wakafa mikononi mwa watekaji wa magari katika barabara kuu itokayo magharibi mwa jiji.

Kuna mantiki ya kutisha katika jambo hili, nami naomba walimu wa somo la maadili walijadili na wanafunzi wao. Kadiri gari lililoegeshwa linavyokuwa gumu kuibwa, ndivyo mwizi anavyomhitaji mwenye gari. Swichi ya siri ikimshinda, atamngoja yule anayeijua. Ufunguo wenye chipu ukimshinda, atautaka ufunguo. Huko Malaysia mwaka wa 2005 wezi waliteka gari aina ya Mercedes ambalo injini yake iliwaka kwa alama ya kidole tu, nao wakamkata mwenye gari ncha ya kidole wakaondoka nayo. Mhandisi aliyeubuni mtambo ule alidhani amemfungia mwizi nje. Alichofanya ni kuuhamisha ufunguo kutoka mfukoni mwa mtu na kuutia mwilini mwake.

Ni katika hali hii ndipo kifaa cha kuzima kwa mbali kina faida ambayo kinga nyingine hazina. Humwezesha mwenye gari kutobishana. Ukinyoshewa bastola toa ufunguo, toa simu, shuka, nenda zako. Gari litazimwa baadaye kutoka simu ya jirani au kutoka kituo cha kampuni, wewe ukiwa umekwisha kufika mahali salama. Muda huo wa kungoja ndio unaookoa maisha. Mtu anayezima gari wezi wakiwa hatua ishirini kutoka kwake amewapa sababu ya kurudi, na nimesikia watu wazima wakijigamba kwamba ndivyo watakavyofanya.

Hatari nyingine haitajwi katika matangazo. Gari likizimwa likiwa katika mwendo wa kilomita themanini kwa saa pale Waiyaki Way, usukani unakuwa mzito ghafla kwa kuwa pampu inayousaidia imesimama, na breki, baada ya kukanyagwa mara chache, zinakuwa ngumu kama jiwe kwa kuwa msaada wa injini umekwisha. Nyuma yake kuna matatu, na mbele yake huenda kuna watoto wanaovuka. Huenda mwenye gari mwenyewe amo ndani ya buti. Kifaa kilichoundwa kwa akili hakimzimi mtu hivyo. Hungoja gari lisimame au litambae, kisha hukataa kuwaka tena. Vile vya bei rahisi hutii amri papo hapo, maana rilei haina akili ya kuuliza maswali. Ningekuwa na uwezo wa kutunga kanuni moja tu juu ya biashara hii ningeanza na hiyo, kwamba pasiwe na kifaa kinachouzwa au kufungwa hapa nchini ambacho kinaweza kuikata injini ya gari lililo mwendoni.

Wapo watakaosema kwamba kanuni hazitusaidii kitu. Watanikumbusha vidhibiti mwendo ambavyo marehemu John Michuki alivilazimisha kwenye matatu kuanzia Februari 2004, vikafunga mwendo kwenye kilomita 80, na jinsi madereva walivyojifunza mara kuvilaghai kwa waya mmoja. Nakubali walilaghai. Lakini huko ng'ambo kuna ushahidi wa kile ambacho sheria ya namna hii hufanya. Ujerumani ililazimisha kila gari jipya kuwa na kizuizi cha injini kutoka kiwandani katikati ya miaka ya 1990, Uingereza ikafuata Oktoba 1998, Australia mwaka wa 2001, na Kanada Septemba 2007. Chipu ndogo ndani ya ufunguo husomwa na kompyuta ya injini, na bila ya chipu hiyo ufunguo ni chuma tu. Marekani haikulazimisha. Basi kampuni mbili za Korea, Hyundai na Kia, zikawa zinaiuzia Kanada magari yenye kizuizi hicho kwa kuwa sheria ilitaka, na kuwauzia jirani zao Wamarekani mengi ya bei nafuu yasiyo nacho. Mwaka wa 2021 na 2022 vijana wa Marekani waligundua kwamba magari hayo huwashwa kwa ncha ya waya wa kuchajia simu, wakaonyeshana kwa picha za video, na wizi ukaenea kama moto wa nyikani. Februari 2023 kampuni hizo zilitangaza marekebisho ya programu kwa magari zaidi ya milioni nane. Mwanafunzi wa uchumi hahitaji mfano bora kuliko huu wa kampuni ile ile, gari lile lile na mpaka mmoja, ambapo sheria ndiyo iliyoamua nani ataibiwa.

Hapa kwetu magari mengi huingia kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, kwa sharti kwamba yasizidi umri wa miaka minane. Tunalikagua gari umri, tunalikagua breki na moshi, tunahakikisha usukani uko kulia. Si kila gari la bei nafuu la soko la Japani lilitoka kiwandani likiwa na ufunguo wenye chipu. Naona ingefaa swali hilo nalo liulizwe kabla gari halijapakiwa melini, kuliko kumwachia mnunuzi atafute fundi wa kumchania nyaya baada ya gari kufika.

Sasa nirudi kwa yule kijana wa Kawangware, maana neno lake limenikaa kichwani. Hakusema "wamezima gari lako." Alisema "wamekuzima." Kwa mwendesha bodaboda pikipiki ndiyo mkono wake, ndiyo chakula cha jioni na karo ya shule. Wengi wao wameipata kwa mkopo wa malipo madogo madogo, na pikipiki nyingi za mkopo hufungwa kisanduku kile kile. Mtindo huu hatukuuanzia kwenye magurudumu. Kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza mitambo ya umeme wa jua kwa malipo ya kila siku mwaka wa 2012, mtambo ulikuwa na laini ya simu ndani yake, na siku usiyolipa ukazimika. Kisha zikaja simu zinazojifunga zenyewe. Kwa haki ni lazima niseme kwamba kufuli hizo ndizo zilizowapa mikopo watu ambao benki zisingewafungulia hata mlango. Kadhalika sheria ya mwaka wa 2017 juu ya dhamana za mali inayohamishika iliwezesha pikipiki, na hata ng'ombe, kuandikishwa kuwa dhamana, nayo iliwafungulia wengi njia. Mkopeshaji naye ana haki ya kulinda fedha zake.

Lakini taa ikizimika sebuleni watoto watalala mapema. Pikipiki ikizimwa Kangemi usiku, abiria akiwa nyuma, katika mitaa ambamo waendeshaji bodaboda wenyewe huporwa na kuuawa kwa ajili ya pikipiki zao, hilo ni jambo jingine kabisa. Kinga ya wizi imemfikisha mtu mahali ambapo wezi wanamngoja. Katika mkataba wangu nilitafuta maneno yanayosema nitaonywa saa ngapi kabla ya kuzimwa, na ni nani atakayenilipa nikizimwa kimakosa. Nilikuta ukurasa mzima juu ya wajibu wangu wa kutokigusa kifaa. Juu ya wajibu wao sikukuta hata mstari mmoja.

Pana na suala la habari zinazokusanywa. Kisanduku hicho hakilali. Kinajua niliposali, nilipokunywa chai, na nyumba ambayo nimeitembelea mara tatu mwezi huu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inasema kwamba habari za mtu zikusanywe kwa kusudi lililotajwa na zisitumiwe kwa jingine. Nilipowaandikia kuuliza kumbukumbu za safari zangu huhifadhiwa kwa muda gani na husomwa na nani, nilijibiwa kwa barua ya heshima iliyonishukuru kwa kuwa mteja wao.

Wiki iliyopita nilimpelekea gari fundi wangu, mwana wa yule aliyenifungia swichi ya siri zamani, pale pale Kirinyaga. Nilimwomba anionyeshe tu kisanduku kilipo na waya gani kimeushika, ili nijue kama ni cha aina inayokata injini katika mwendo. Alilala chini ya dashibodi na tochi mdomoni kwa muda mrefu. Alipotoka alifuta mikono kwa kitambaa, akasema amekiona, lakini hatanionyesha, kwa kuwa kina lakiri ya kampuni, na lakiri ikichanika deni lote litadaiwa siku hiyo hiyo. "Malizia kulipa kwanza, Mwalimu," akaniambia, "halafu uje nikuwekee ile ya baba." Nimebakiza miezi kumi na minne.